Bei, Bia na Bima: Historia ya Malipo ya Matibabu Katika Viunga vya Dar es Salaam

Yako maneno matatu mafupi katika lugha ya Kiswahili ambayo, yakiwekwa pamoja, yatosha kuwa muhtasari wa namna watu wa Dar es Salaam walivyolipia matibabu yao tangu zamani hata leo. Neno la kwanza ni bei, lililotoka katika Kiarabu, na asili yake huko ni kuuza. La pili ni bia, ambalo wengi wa wasomaji wa leo hulijua kwa maana ya kinywaji tu, lakini ambalo katika matumizi ya kale ya pwani lina maana ya shirika la kuchanga: watu hula bia, huchanga bia, hufanya kazi shirika bia, kila mtu akitoa fungu lake ili wote wapate. La tatu ni bima, lililofika pwani kutoka Bara Hindi, na shina lake katika Kiajemi ni bim, yaani hofu. Bei ni jambo la watu wawili, muuzaji na mnunuzi. Bia ni jambo la watu wajuanao. Bima ni jambo la watu wasiojuana, ambao wameunganishwa na hofu moja.

Katika mijadala ya kurekebisha bima ya afya, ndani na nje ya Afrika Mashariki, wako wasemao kwamba dawa ya gharama kubwa ni bei iliyo wazi pamoja na hiari ya mnunuzi. Hospitali na zitangaze bei zao, kila mtu na achague kifurushi cha bima kimfaacho na mahali pa kutibiwa, na ushindani wa soko utafanya kazi iliyobaki. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Lakini kabla ya kuikubali au kuikataa, yafaa kutazama mahali ambapo watu wamekwisha kuipita njia hiyo, nusu kwa kupenda na nusu kwa kulazimika. Mahali hapo ni viunga vya Dar es Salaam: Mwananyamala, Tandale na Manzese upande wa Kinondoni, na Tandika, Keko na Mbagala upande wa Temeke. Majina haya mawili ya wilaya yachukuliwe hapa kwa mipaka yake ya zamani, kabla Ubungo haijakatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Historia ya watu wa huko yaonyesha kwamba hiari hawakuikosa. Walichokikosa ni bei inayojulikana kabla ya ugonjwa, na sauti ya kuiuliza kwa pamoja.

Ni vema kuanza na uganga, kwa kuwa ndio soko la kwanza la matibabu ambalo lugha yetu imelihifadhi. Katika uganga wa pwani malipo yalikuwa na hatua, na hatua zilikuwa na majina. Kamusi zimelihifadhi neno kiingiaporini, yaani ada apewayo mganga kabla hajaenda kutafuta dawa. Jina lenyewe laeleza sababu ya malipo, na mlipaji alijua analipia nini: analipia miguu ya mganga na hatari za porini, wala si kupona kwake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ameeleza habari za waganga na ngoma za pepo, na asomaye ataona kwamba mambo hayo yalikuwa na utaratibu uliojulikana na jamaa na majirani. Hata neno mteja, ambalo siku hizi huandikwa katika kuta za maduka na za hospitali pia, zamani lilitumika sana kwa mtu aliye mikononi mwa mganga. Kwa hiyo wale wanaoona kwamba kumwita mgonjwa mteja ni mtindo mpya wa kibiashara wamelisahau neno hilo lilikotoka.

Hata hivyo, lugha hiyohiyo ina methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ya kwanza ni ya huruma: mtu akiwa kitandani, usimsumbue kwa kumwuliza kama ataka au hataki; mletee. Lakini ndani yake mna ujuzi mwingine, nao ni kwamba aliyeshikwa na maradhi si mtu wa kuchagua. Homa ikimpanda mtoto usiku wa manane, mama yake hasimami njiani kulinganisha zahanati tatu. Yeyote atakaye kujenga mpango wa tiba juu ya uchaguzi wa mnunuzi hana budi kujibu swali hili kwanza: uchaguzi huo utafanyika saa ngapi, na nani atakayeufanya?

Katika enzi ya kikoloni swali la kuchagua halikuwapo, kwa sababu mji wenyewe uligawanywa, na hospitali pia. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897 wakati wa Wadachi, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyopewa jina la Sewa Haji, yule tajiri aliyeitoa fedha yake kwa kazi hiyo. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ikawa Muhimbili. Mgonjwa wa Uswahilini alikwenda alikopangiwa.

Lakini watu hao hawakukaa mikono mitupu. Vyama vya makabila vya mjini, hasa vya miaka ya 1930 na 1940, pamoja na desturi ya utani, viliwapa wageni wa mji njia ya kubebana wakati wa msiba, na msemo wa kufa na kuzikana ungali hai hata leo katika majina na katiba za vikundi vya mitaani. Hapa ndipo bia ilipofanya kazi yake bora. Inafaa kuuliza kwa nini watu wale wale walioweza kuchanga kwa ajili ya maziko hawakuchanga kwa ajili ya maradhi. Jibu halihitaji elimu kubwa ya uchumi. Gharama za maziko zajulikana mapema: sanda, ubao au jeneza, kaburi, chakula cha waombolezaji. Kifo hakisingiziwi, wala hakirudi mara ya pili kwa mtu mmoja. Maradhi hayako hivyo. Huja bila hesabu, hurudi, na gharama yake hujulikana na yule anayeuza tiba peke yake. Watu wa viunga waliweza kuigawanya bei waliyoijua; ile wasiyoijua haikugawanyika.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 serikali ilitangaza vita na maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tiba ikahesabiwa kuwa wajibu wa dola kwa raia wake. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku matibabu ya watu binafsi kwa ajili ya faida, na zikaachwa hospitali za mashirika ya dini na nyinginezo zisizotafuta faida. Neno lililotawala enzi hiyo lilikuwa bure. Hapana shaka kwamba kwa familia nyingi neno hilo lilikuwa neema, kwa maana mama mjamzito wa Temeke alipokelewa bila kuulizwa mfuko wake una nini. Lakini bure katika Kiswahili lina nyuso mbili: ni pasipo malipo, na ni pasipo faida, kama katika maneno kazi bure na safari ya bure. Uchumi ulipodhoofika katika miaka ya 1980, uso wa pili ulianza kuonekana. Daktari yupo, dawa hakuna. Mgonjwa haulizwi fedha, ila huambiwa akanunue sindano na glavu nje. Bei ilikuwa imefutwa mlangoni, ikahamia barabarani, na huko haikuandikwa mahali popote.

Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa na tiba ya faida ikaruhusiwa tena. Zahanati za watu binafsi zikaota katika viunga kwa haraka, nyingine katika vyumba viwili vya nyumba ya kupanga, na kando yake maduka ya dawa baridi, ambayo kwa wengi ndiyo yaliyokuwa hospitali ya kwanza. Mwaka 1993 serikali nayo ikaanza kutoza ada katika hospitali zake, kuanzia zile kubwa na kushuka chini kwa awamu. Watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wenye maradhi kadhaa ya kudumu walisamehewa, na maskini waliwekewa msamaha wao, ambao kupatikana kwake kulihitaji barua na uvumilivu.

Mpango huo ulipewa jina la uchangiaji wa gharama, na jina hilo lastahili kuchunguzwa na wanalugha. Kuchanga na kuchangia ni maneno ya ukoo wa bia. Mtu huchangia harusi, msiba, au ujenzi wa msikiti na kanisa. Yaani hutoa fungu lake pamoja na wenziwe, kwa ajili ya jambo la pamoja, na aghalabu kiasi chake hufuata uwezo wake. Lakini aliyesimama mbele ya dirisha la malipo la hospitali hakuwa na wenziwe. Alitoa fedha peke yake, kwa ugonjwa wake peke yake, kwa kiasi alichotajiwa. Hiyo ni bei, ijapokuwa imevikwa kanzu ya bia. Kosa hili la jina halikuwa dogo, kwa kuwa mtu akiambiwa kwamba anachangia, huona haya kuuliza kwa nini kiasi ni hiki; ni nani aulizaye stakabadhi msibani? Lugha ya ukarimu ikazima swali la mnunuzi, na wakati huohuo mchangaji hakupata ule ulinzi ambao bia humpa mwanachama wake.

Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1990 mkazi wa Manzese au Mbagala alikuwa na hiari tele. Aliweza kwenda hospitali ya serikali, Mwananyamala au Temeke. Aliweza kwenda zahanati ya dini, zahanati ya mtu binafsi, duka la dawa, au kwa mganga. Soko lilikuwa huria kwa kila maana ya neno hilo. Kama hiari peke yake ingetosha kushusha bei na kuinua ubora, viunga vya Dar es Salaam vingekuwa mfano kwa dunia. Yaliyotokea yajulikana: mwenye fedha ya nusu alinunua nusu ya dozi.

Ni katika hali hiyo ndipo lilipozuka jaribio ambalo lastahili kukumbukwa zaidi kuliko linavyokumbukwa. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa na mradi wa kuchunguza kazi zisizo rasmi katika miji mitatu, Bogotá, Manila na Dar es Salaam, katika miaka ya 1994 na 1995. Huku Dar es Salaam mradi huo ulizaa mpango wa matibabu uliokuja kujulikana kwa jina la UMASIDA, yaani Umoja wa Matibabu Sekta Isiyo Rasmi Dar es Salaam. Wanachama wake hawakuandikishwa mmoja mmoja. Waliingia kwa vikundi vilivyokwisha kuwapo, vikundi vya mafundi, wachuuzi na wanawake wenye biashara ndogondogo, ambavyo vilikuwa na viongozi, daftari na desturi ya kukusanya fedha.

Namna ya kazi yake yaeleza mengi. Kikundi kilichanga kidogo kidogo, kwa kuwa mtu apataye riziki ya siku hawezi kutoa ada ya mwaka kwa mkupuo. Zahanati ya mtu binafsi ilitafutwa karibu na wanachama walipo, ubora wake ukatazamwa na watu wajuao, kisha ikafungwa nayo mikataba: tiba gani, kwa bei gani, kwa kufuata mwongozo gani wa dawa. Mwanachama akiugua alikwenda na kitambulisho chake, akatibiwa, wala hakutajiwa bei, kwa kuwa bei ilikuwa imekwisha kutajwa kabla hajaugua. Zahanati nayo ilikuwa na sababu ya kutunza ahadi, maana ikimtendea vibaya mmoja, iliweza kuwapoteza wote.

Hapa mambo mawili ambayo wasomi wa soko huyataka, yaani bei iliyo wazi na uhuru wa kuchagua, yalikuwapo yote. Tofauti ni saa na mtu. Bei iliulizwa wakati wa afya, na muulizaji alikuwa kikundi. Methali haikuvunjwa: mgonjwa hakuulizwa uji, kwa sababu wenziwe walikuwa wamekwisha kuulizana juu yake walipokuwa wazima. Kwa namna hiyo bia ilitumika kuifungua bei, na bima ikazaliwa kati yao kwa kimo kidogo.

Ni haki kueleza udhaifu wake pia. Mpango huo ulishughulika zaidi na tiba ya kwanza, na ugonjwa mkubwa wa kulazwa au kupasuliwa ulibaki mzigo wa hospitali za serikali na wa familia. Mapato ya wanachama yalipanda na kushuka, na siku za mvua au za kufukuzwa barabarani mchango ulikatika. Kikundi kilichovunjika kwa ugomvi wa fedha kilivunjika pamoja na matibabu yake. Bia hubeba kadiri ya mikono iliyopo, na mikono ya maskini peke yao haiwezi kubeba ugonjwa wa figo au saratani. Kwa ajili hiyo hakuna awezaye kusema kwamba vikundi vya namna hiyo vingeweza kuchukua nafasi ya bima ya taifa zima. Lakini vilijua jambo moja ambalo mifuko mikubwa iliyofuata ililisahau.

Mifuko hiyo ilikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya vijijini. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga kuanzia miaka ya 1995 na 1996, kaya ikilipa shilingi 5,000 kwa mwaka, na serikali ikiongeza kiasi kilichokuwa sawa na makusanyo. Nyongeza hiyo watu wakaipa jina zuri la tele kwa tele. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2001, na mijini mpango kama huo ukaitwa Tiba kwa Kadi. Njia ya pili ni ile ya waajiriwa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukianza na watumishi wa serikali kuu. Mchango wake ulikuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri na nusu kwa mtumishi. Tangu hapo madirisha ya hospitali yamekuwa na swali moja la kwanza: una bima, au unalipa taslimu?

Wakazi wengi wa viunga hawakuwa katika njia yoyote ya hizo mbili. Hawakuwa wanakijiji, wala hawakuwa na mwajiri. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 katika mikoa mingi ilitakiwa kuchanga shilingi 30,000 kwa mwaka, hali Dar es Salaam kundi la watu 6 lilitakiwa kutoa 150,000, na mtu mmoja 40,000. Novemba 2019 Mfuko wa Taifa nao ukawafungulia mlango kwa vifurushi vitatu, Najali, Wekeza na Timiza, vyenye bei na mafao mbalimbali kwa kufuata umri na idadi ya watu katika familia. Hili ndilo lilikuwa jaribio lililo wazi kuliko yote la kumpa mnunuzi hiari. Bei ilitangazwa magazetini, na kila mtu alikuwa huru kuchagua au kuacha.

Matokeo yake yalifuata tabia ya binadamu. Mzima aliyebanwa na kodi ya nyumba aliona kwamba aweza kungoja. Aliyekwisha kujua kwamba ana maradhi alikata kadi upesi. Kadi ya watoto iitwayo Toto Afya, iliyouzwa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ilikutana na shida ya namna hiyohiyo, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, wazazi wakaelekezwa kuwaandikisha watoto kwa makundi kupitia shule zao. Asomaye kwa makini ataona kwamba Mfuko ulirudi, kwa kulazimika, katika kanuni ya kikundi ambayo mafundi na wachuuzi wa Dar es Salaam walianza nayo miaka 28 kabla yake.

Tena kulikuwa na upande wa pili wa bei, yaani bei ambayo Mfuko hulipa hospitali. Orodha mpya ya mafao na bei, iliyoitwa kitita, ilipangwa kuanza Januari 2024, ikaahirishwa, na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 2024. Wamiliki wa hospitali binafsi walisema bei hizo haziwezi kukidhi gharama zao. Mfuko ulisema zimepangwa kwa hesabu. Kwa muda hospitali kadhaa za Dar es Salaam zilisitisha kuwapokea wenye kadi, na wanachama wakaelekezwa kwingine. Haifai hapa kuhukumu ni nani aliyekuwa na haki katika hesabu hizo. Linalotuhusu ni kwamba wenye fedha zilizokuwa zikigombewa, yaani wachangaji, walipata habari mlangoni, wengine wakiwa na mgonjwa mkononi. Bei ilikuwa imeandikwa, imechapishwa na kujadiliwa. Lakini mchangaji hakuwa miongoni mwa waliokuwa wakiijadili.

Yafaa pia kuyatazama maneno yenyewe. Kifurushi ni furushi dogo, mzigo uliofungwa kitamboni. Kitita ni fungu la vitu vilivyofungwa pamoja, na pia ni fedha nyingi kwa mkupuo. Maneno yote mawili yana fundo ndani yake, na aliyepewa kilichofungwa hajui kilichomo mpaka afungue. Orodha za vipimo na upasuaji aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi kwa herufi za mkato ambazo hata msomi wa fani nyingine hazijui. Mama wa Tandika aweza kuoneshwa orodha ya bei 100, kila moja wazi kama mchana, na asiwe ameoneshwa kitu. Hawezi kuuliza bei ya jambo lisilokuwa na jina katika lugha yake. Kwa hiyo uwazi wa bei, kabla haujawa suala la uchumi, ni suala la istilahi, na hapa wanalugha wana deni lao. Lugha iliyozaa kiingiaporini haishindwi kutaja kwa maneno manyofu kipimo cha damu, kumwona daktari, kitanda cha kulazwa na dawa ya kwenda nayo nyumbani, na kuandika mbele ya kila kimoja tarakimu yake.

Mambo haya hayakuzuka Dar es Salaam peke yake. Mwaka 1963 mwanauchumi Kenneth Arrow wa Marekani alionyesha kwamba tiba haiuzwi kama bidhaa nyingine, kwa sababu mnunuzi hajui atahitaji nini wala lini, na muuzaji ajua zaidi yake. Baadaye, kuanzia mwaka 1974 hadi 1982, taasisi ya RAND ilizitazama familia katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo zilizopewa bima za namna tofauti, na ikaonekana kwamba watu waliotakiwa kulipia sehemu ya gharama walipunguza tiba, lakini walipunguza ile ya lazima pamoja na ile isiyo ya lazima, kwa kuwa hawakuweza kuzitenga. Tangu Januari 2021 sheria za Marekani zimezitaka hospitali kutangaza bei zake. Kutangaza ni jema, lakini hesabu ndefu huwafaa zaidi wenye makarani wa kuisoma, yaani waajiri na makampuni ya bima, kuliko mgonjwa aliye njiani. Hivyo hata huko bei husomwa na aliye wengi kabla ya kusomwa na aliye mmoja.

Novemba 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Muswada wake ulikuwa umejadiliwa tangu mwaka 2022, wakati kiasi cha shilingi 340,000 kwa kaya ya watu 6 kilipotajwa na kuzua mabishano makubwa, ukaahirishwa ili ufanyiwe kazi zaidi. Sheria hiyo ina kitita cha msingi, na imeweka njia ya kuwagharimia wasio na uwezo. Maneno kwa wote yana uzito, kwa sababu ni wote tu wanaoweza kuubeba ugonjwa mkubwa ambao bia ya mtaa haikuuweza. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Hofu ya watu hao ikiwekwa pamoja, fungu la kila mmoja huwa jepesi.

Lakini wingi peke yake hauulizi. Mfuko wa watu milioni waweza kuwa kipofu kwa mambo ambayo kikundi cha mafundi 40 kiliyaona, yaani kwamba zahanati fulani hufungwa mapema, kwamba dawa fulani haipatikani kamwe, kwamba mwenye kadi hungojeshwa nyuma ya mwenye fedha taslimu. Ikiwa historia ya Kinondoni na Temeke ina neno kwa watunga sheria, neno lenyewe ni hili: bima iwe ya wote, lakini kuuliza bei na kuchagua pa kutibiwa kuwe kazi ya vikundi ambavyo watu wamekwisha kuviunda wenyewe, vya masoko, vya mafundi, vya kuzikana, vya vikoba na vya shule. Kitita kisomwe mbele yao kwa Kiswahili, mara moja kila mwaka, wakiwa wazima. Hapo bei itakuwa imejulikana, bia itakuwa imepata kazi yake, na bima itakuwa imewaondolea watu ile hofu iliyolipa neno hilo asili yake.